Inuka Uende, Leo Hii!

Wewe uliyeshika karatasi hii, nasema nawe. Usimtazame jirani yako. Usiwaze jinsi maneno haya yangemfaa shemeji yako. Ni wewe!

Sina habari mpya ya kukupa. Huhitaji kuambiwa kwamba pombe inakumaliza, maana unajua. Ulijua asubuhi ile ulipoamka na viatu miguuni. Ulijua ulipochukua karo ya mtoto ukaiacha kaunta. Ulijua mama yako alipoacha kukuuliza maswali akabaki kukutazama tu. Hakuna daktari, hakuna shehe, hakuna mchungaji wa kukueleza juu ya chupa yako jambo ambalo hulijui.

Basi mbona bado umekaa?

Utaacha mwisho wa mwezi. Utaacha harusi ya binamu ikipita. Utaacha Kwaresima ikianza, utaacha mwezi wa Ramadhani ukiandama, utaacha mwaka ukigeuka. Umeahidi, ukaahidi, ukaahidi tena, na kila ahadi uliizindua kwa chupa ya mwisho. Hiyo chupa ya mwisho ina wadogo wangapi sasa?

Sitakusingizia kwamba hujajaribu. Umejaribu! Ulihama kutoka pombe kali ukaenda kwenye bia. Ulihama baa ukanywea nyumbani. Uliapa kunywa Ijumaa pekee, mpaka Ijumaa yako ikawa inaanza Jumatano. Kuna usiku ulimwaga chupa nzima kwenye sinki, kwa hasira ya kweli, kwa machozi ya kweli, kwa nia ya kweli, na kabla duka halijafungwa ulikuwa umesimama dirishani ukinong'ona upewe nyingine.

Nia yako haikuwa ya uongo. Nia yako ilikuwa peke yake!

Kinyozi hajinyoi, ndugu yangu. Wewe umejifungia chumbani na adui yako, wewe na yeye, mlango komeo, na adui huyo anasema kwa sauti yako mwenyewe. Anajua siku ya mshahara. Anajua njia ya uchochoroni ya kwenda kwa mama pima. Anajua ni neno gani la mkeo litakupa kisingizio cha kutoka. Utamshindaje mtu wa namna hiyo katika mabishano ya wawili, usiku, ukiwa umechoka?

Hutamshinda. Toka humo! Kuna chumba kingine.

Chumba hicho ni cha mkutano. Wanaokutana humo ni walevi, na wanakutana na walevi wenzao, kwa muda wa saa moja hivi, wanaambiana ukweli. Jina lao ni Alcoholics Anonymous, na kila mtu husema AA. Hakuna ada. Hakuna fomu. Hakuna karani wa kuandika jina lako la ukoo. Sharti la kuingia ni moja tu: uwe na hamu ya kuacha kunywa.

Umesikia? Hamu! Hawakusema uwe umeshaacha. Hawakusema uwe na kazi, uwe na ndoa iliyosimama, uwe na dini iliyonyooka. Ukifika na harufu kinywani utapewa kiti. Na hamu unayo, la sivyo karatasi hii ungekuwa umeshafungia karanga.

Sikiliza ilivyoanza, maana ndani ya kisa hiki mna jambo ambalo wengi hupita juu yake.

Ni Mei 1935, mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Bill Wilson, dalali wa hisa kutoka New York, amesimama katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower. Biashara iliyomleta imeharibika. Mfukoni hana kitu cha maana, mjini hana amjuaye, kesho ni Jumapili. Ana miezi mitano hivi bila kunywa baada ya miaka ya kulewa na kulazwa hospitali. Upande mmoja wa ukumbi kuna baa, nayo imejaa vicheko. Upande wa pili kuna simu na orodha ya makanisa ya mji.

Mtu huyu alikuwa anakaribia kuanguka! Na je, alitafuta nini kwenye simu ile? Wewe ungetafuta nini? Ungetafuta mtu wa kukushika mkono, wa kukuombea, wa kukuambia jikaze. Wilson alitafuta mlevi. Kwa miezi ile mitano alikuwa akiwafuata walevi wa New York awasaidie, na hakuna hata mmoja aliyeacha. Hata mmoja! Lakini yeye mwenyewe hakuwa amegusa tone. Basi akampigia simu mchungaji mmoja, kisha nambari baada ya nambari, akiuliza kama kuna mlevi wa mji huu anayeweza kuzungumza naye. Hatimaye mwanamke mmoja, Henrietta Seiberling, akasema yupo.

Aliyekuwepo alikuwa daktari mpasuaji, Robert Smith, ambaye AA wote humwita Dkt. Bob. Kesho yake, saa kumi na moja jioni, daktari alifika akitetemeka. Alikuwa ameshakubaliana na mkewe: dakika 15, si zaidi, turudi nyumbani. Madaktari walishamshauri, watu wa dini walishamwombea, vitabu alishavisoma. Dakika 15 zilitosha kumsikiliza mhubiri mwingine.

Lakini aliyekaa mbele yake hakumhubiria. Alimsimulia ulevi wake mwenyewe, jinsi alivyokunywa, alivyoficha, alivyodanganya. Walitoka chumbani humo saa tano usiku!

Daktari alikuwa na elimu yote. Alichokuwa hajawahi kukipata ni mtu wa kumwambia, "Hata mimi."

Na uangalie sana kilichofuata, wewe uliyekwenda mkutanoni mara moja ukaanguka ukasema mambo haya hayanifai. Dkt. Bob naye alianguka! Wiki chache baadaye alisafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari, akalewa njia nzima, akarudi hajitambui. Wilson hakumfukuza. Alikaa naye, akamsimamia, na asubuhi ya upasuaji akampa bia moja ili mikono itulie. Bia hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho, na siku hiyo, ambayo AA wanaihesabu kuwa tarehe 10 Juni 1935, ndiyo ya kuzaliwa kwao. Daktari akaishi miaka 15 mingine bila pombe, hadi kifo chake mwaka 1950. Kabla ya mwezi kwisha wawili hao walikuwa hospitalini wakimtafuta mlevi wa tatu, wakampata, mwanasheria, kitandani.

Sasa nakuuliza: katika kisa hicho, nani alimwokoa nani?

Hapo ndipo unapokosea unapoketi nyumbani ukisema, "Nitakwenda kuwasumbua watu." Unadhani unakwenda kuomba. Unajiona mzigo. Ndugu yangu, dada yangu, yule mzee wa kiti cha nyuma mwenye miaka mingi bila kunywa anakuhitaji wewe! Anahitaji kusikia mtu aliyelewa jana, kwa sababu yeye ameanza kusahau. Mwili wake umenona, watoto wamerudi kumwita baba, na ile sauti imeanza tena kumnong'oneza kwamba labda moja tu haidhuru. Ukiingia wewe na macho hayo mekundu, sauti ile hunyamaza. Unapokosa kwenda, umemnyima mtu dawa.

Nimewahi kukaa katika mkutano wa wazi, ule ambao hata asiye mlevi huruhusiwa. Kabla ya kuanza, mama mmoja mtu mzima alikuwa anamimina chai. Aliingia kijana, shati limefungwa vifungo vya kukosana, akasimama mlangoni akijifanya anasoma ujumbe kwenye simu. Yule mama hakumtazama usoni. Alimtazama mikono. Akachukua kikombe, akamimina nusu, akaenda akakiweka mezani kando ya kiti kilicho karibu na mlango, kisha akaendelea na wengine waliojaziwa mpaka ukingoni. Kijana akaketi, akakishika kwa mikono miwili, akanywa bila kumwaga tone. Hakuna aliyesema lolote.

Mama yule alijifunza wapi nusu kikombe? Hakufundishwa chuoni!

Basi nenda ukakae karibu na mlango. Hilo linaruhusiwa. Ikifika zamu yako useme jina lako la kwanza, na ukitaka useme, "Leo nasikiliza tu." Watakuitikia watakushukuru watapita kwa mwingine. Kikizungushwa kikapu cha mchango wa chai na pango la ukumbi, kipitishe, mgeni hadaiwi. Wakifunga kwa sala fupi ya kuomba utulivu na hujisikii kuitamka, nyamaza, hakuna wa kukukagua midomo.

"Lakini watu wataniona."

Wataniona! Na walipokuona umelala mtaroni mbele ya stesheni, ulijifunika uso? Walipokuona ukitukana konda wa matatu, walipokuona ukibebwa kutoka msibani, mbele ya jeneza la watu, ulijali? Mtaa mzima unajua. Mwenye nyumba anajua, mwalimu wa mtoto anajua, muuza mayai anajua. Anayedhani ni siri ni wewe peke yako. Na utakayekutana naye kule ndani amekuja kwa shida ileile, na desturi yao ni kwamba utakayemwona humo na utakayoyasikia humo yanabaki humo. Mficha maradhi, kilio kitamfichua.

"Lakini mimi si kama wale." Una digrii. Unakunywa vya bei, kwenye glasi yenye mguu, hujawahi kukanyaga mangweni wala kuketi kwenye kopo. Vizuri! Ini lako halisomi lebo. Waanzilishi wa kitu hiki walikuwa dalali wa Wall Street na daktari mpasuaji.

"Lakini mimi ni Mwislamu, na mkutano uko ukumbi wa kanisa." Swali hili nalipa heshima, kwa kuwa aibu ya mlevi wa Kiislamu ina tabaka mbili, na wengi hufa katikati yake. Ukumbi ni wa kanisa kwa sababu pango lake ni nafuu. Mkutano si ibada. Hatua zao kumi na mbili za kuachana na pombe zinamtaja Mungu, naam, lakini kila mtu amshike Mungu kwa jinsi anavyomjua yeye. Kule Zanzibar, visiwa vya Waislamu, zipo nyumba za upataji nafuu, wenyewe huita soba, ambako vijana walioachana na heroini na pombe wamezifuata hatua hizohizo kumi na mbili, wakaamkia swala ya alfajiri, wakashika swaumu. Ukumbi haukuchafui. Unachokunywa uchochoroni ndicho kinachokuzuia kusimama safuni!

"Lakini mimi ni mwanamke." Najua, mama. Mwanamume akilewa husemwa ana matatizo, mwanamke akilewa husemwa ni malaya. Ndiyo maana unanywa jikoni, kwenye kikombe cha chai, mlango umerudishiwa. Ndiyo maana unahitaji kumsikia mwanamke mwingine akikitaja kikombe hicho kwa mdomo wake. Iko mikutano ya wanawake pekee. Iulizie. Na kama mjini kwako haipo, ingia iliyopo ukamtafute mwanamke hata mmoja, ukae naye.

"Lakini kuna ushahidi gani?" Haya, mwenye kutaka hesabu aje. Mwaka 2020 Cochrane, chombo kinachopima tafiti za tiba duniani, kilitoa mapitio ya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Tiba zilizowaelekeza watu kwa mpango kuingia AA na kubaki humo ziliwafikisha wengi zaidi kwenye kuacha kabisa kuliko tiba nyingine zilizozoeleka, kama zile za mazungumzo na mtaalamu. Si wote walioacha. Hakuna mahali wanapoacha wote. Lakini utasema hakikusaidii kitu ambacho hujakikalia hata saa moja?

Na hapa niseme lililo moyoni. Tumezoea kumbeba mlevi mzimamzima kumpeleka rihabu, ukoo mzima ukachanga, shamba likauzwa, akakaa siku 90, akarudi amenawiri, kisha akaachwa kwenye chumba kilekile cha zamani bila mtu wa kumpigia simu. Mwezi wa pili yuko kwa mama pima. Tunasema hana shukrani. Hana mkutano! Rihabu ina kazi yake, na wapo inayowafaa sana, lakini yeyote anayekuuzia siku 90 bila kukuambia utakaa na nani siku ya 91 amekuuzia nusu.

Unangoja nini? Unadhani una muda?

Kumbuka Novemba 2000, mitaa ya Mukuru, Nairobi. Watu walikunywa kumi kumi, pombe ya shilingi kumi, ikiwa na methanoli. Zaidi ya mia moja walikufa, na wengine waliamka wakauliza mbona taa haijawashwa, kumbe jua limeshatoka. Methanoli ikishaingia mwilini hugeuka asidi inayoua mshipa wa macho. Kumbuka Februari 2024, Kirinyaga, watu wasiopungua 17 waliokufa baada ya kunywa kijijini mwao kama siku nyingine yoyote. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeondoka nyumbani akijua anakwenda kunywa ya mwisho. Nao walikuwa wataacha mwisho wa mwezi!

Na kama yako ni ya dukani, yenye stempu ya ushuru, usijipongeze. Hiyo huua taratibu, kwa ini, kwa ajali, kwa saratani ya koo, kwa ngumi ya mlevi mwenzako. Tofauti ni tarehe.

Sasa simama hapa, usome polepole, kwa sababu haraka ninayokupigia kelele inaweza kukudhuru mahali hapa pamoja.

Kama wewe ni wa kuzimua kila asubuhi, wa kutoa loki kabla ya kupiga mswaki, kama usipopata unatetemeka, unatoka jasho, unatapika, usikate pombe ghafla ukiwa peke yako chumbani! Mwili uliozoea kunyweshwa kila siku ukinyimwa ghafla unaweza kukuangusha kwa degedege ndani ya siku mbili za kwanza. Siku ya pili au ya tatu inaweza kuja ile ya kuweweseka, ya kuona wadudu ukutani na kusikia watu wasiokuwepo, na hiyo inaweza kuua isipotibiwa. Nenda hospitali kwanza. Mwambie daktari kiasi halisi unachokunywa, usikipunguze kwa aibu. Zipo dawa za kukuvusha siku hizo, na vitamini ya kuukinga ubongo wako. Hospitali kwa ajili ya mwili, mkutano kwa ajili ya yanayofuata, na usifanye kimoja kuwa kisingizio cha kukimbia kingine.

Utaupata wapi mkutano? Hapa pia umejificha miaka mingi: "Sijui uko wapi." Duka la pombe umelipata katika kila mji uliofika, usiku, mvua, umeme umekatika. Ukiwa na bidii robo ya hiyo, utaupata!

Uko Kenya? Piga 1192, nambari ya NACADA, haina malipo, useme unatafuta kikundi cha AA. Nenda Hospitali ya Mathari, Nairobi, au kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya kaunti yako, uulize wauguzi, wao wanajua ukumbi upi na siku ipi. Uko Dar es Salaam, uliza Muhimbili. Uko Dodoma, uliza Mirembe. Uko Unguja, nenda kwenye soba yoyote, hata kama shida yako ni pombe na si unga, watakuelekeza. Uko London, Toronto au Minneapolis unanywa peke yako baada ya zamu ya usiku kwa sababu huku ugenini hakuna wa kukuuliza? Mikutano iko kila siku, pengine mtaa huohuo unaoishi.

Na kama uko mahali ambapo gari hupita mara moja kwa juma, una simu. Tangu corona ya 2020 mikutano mingi hufanyika mtandaoni pia, na saa yoyote, hata saa tisa za usiku ambazo wewe unazijua, kuna kikundi mahali fulani duniani kimeketi. Zima kamera ukitaka. Sikiliza tu. Afadhali ukumbi wenye watu na chai, lakini bando la bei ndogo kuliko kibuyu cha mnazi litakuingiza kwenye mlango huo mwingine leo.

Je, kama wilaya nzima haina? Basi mtafute mlevi mmoja anayetaka kuacha. Mmoja! Unamjua, mmekunywa pamoja. Kaeni chini ya mwembe, semeni ukweli, kubalianeni siku ya kukutana tena. AA inasema walevi wawili watatu wakikutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi. Kule Akron walikuwa wawili.

Kwa mke, kwa mzazi, kwa mtoto wa mlevi anayesoma haya kwa siri: nanyi mna chumba chenu. Kinaitwa Al-Anon, kilianzishwa mwaka 1951, mwanzilishi mmojawapo akiwa Lois, mke wa Bill Wilson. Nendeni hata kama yeye amekataa kwenda kwenye mkutano wake. Msingoje apone ndipo mpumue.

Narudi kwako.

Unamkumbuka yule mwana mpotevu wa Injili, aliyetapanya urithi akaishia kulisha nguruwe? Tunapenda kuhubiri toba yake. Mimi napenda hesabu yake. Alipozinduka katikati ya nguruwe, kitu cha kwanza alichokifanya ni kuhesabu: vibarua wa baba yangu wana chakula cha kusaza, na mimi nakufa njaa. Hesabu ya mtu mwenye njaa, basi! Hakungoja ajisikie mtakatifu, hakungoja nguo mpya, hakungoja apate nauli na zawadi ya kurudi nayo. Akasimama na harufu yake, akaenda.

Piga hesabu yako. Umebakiwa na nani? Umebakiwa na nini? Ukipita mwaka mwingine kama huu uliopita, utakuwa wapi?

Usiniambie utaacha milele. Milele sikuulizi. Hata wao kule ndani hawaapi milele, wanasema leo. Leo sinywi, na kesho nitajua kesho. Kwa leo tu unaweza kuketi saa moja. Umeshaketi saa tisa mfululizo kwenye stuli isiyo na mgongo!

Basi fanya hivi. Kula kitu, maana tumbo tupu ni wakili wa chupa. Oga ukiweza, usipoweza nenda hivyohivyo. Pesa za ziada ziache kwa mtu unayemwamini, beba nauli ya kwenda na kurudi. Usipite njia ya baa, zunguka hata kama ni mbali. Fika mapema kidogo, maana ukichelewa utapata sababu ya kugeuza getini. Miguu ikikuganda hapo nje, na itakuganda, mwulize wa kwanza utakayemwona, "Mkutano ni hapa?" Akikuambia ndiyo, umeshaingia.

Watakupa nambari za simu. Zichukue! Mmoja anaweza kukubali kukushika mkono kwa ukaribu zaidi, wanamwita sponsa. Mpigie kabla ya kunywa, si baada. Mpigie hata kama huna la kusema. Mpigie hasa siku ile ambayo una hakika humhitaji.

Na mkutano ukiisha usikimbie. Saidia kupanga viti. Kisha, kabla hujatoka nje ya geti, uliza wa kesho uko wapi na unaanza saa ngapi.